Siku Aliyosimama Fermina

Kolonia, Pohnpei
9 Juni 2012

Mpendwa mpwa wangu Tamiko,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo na watoto, na kwamba mvua za Hilo hazijakurudishia kile kikohozi. Mimi sijambo kwa umri wangu. Goti la kushoto hugoma asubuhi, lakini macho bado yanasoma.

Juzi nimerudi kutoka kisiwani kwetu, ambako sikuwa nimekanyaga kwa miaka kumi na minane. Nilitaka kukuandikia mara tu niliposhuka melini, mkono ukakataa. Hata sasa bado nimepigwa na butwaa.

Mama yako mdogo Kiomy ni mzima, na ulimi wake pia. Alinipa shelisheli zilizochachushwa nikutumie. Nimezila zote, nisamehe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Umesikia kwamba visiwa vyetu vinataka kujitenga na jimbo letu na kuwa jimbo la tano la Shirikisho. Kaka yako Machuo, mwana wa Kiomy, ambaye sasa ni meya, ndiye aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba. Mimi nililiunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Nimelisoma suala la majimbo na shirikisho tangu ujana wangu, na naamini watu wajitawale karibu na mahali wanapolala.

Rasimu ilisomwa katika nyumba ya mikutano, Machuo mwenyewe akiisoma. Ibara za mwanzo zilinifurahisha. Kisha akasoma kwamba mtu aliyeishi nje ya visiwa kwa zaidi ya miaka kumi hatakuwa na sauti wala kura katika mkutano wowote, wala haki juu ya ardhi ya ukoo wake. Nilidhani nimesikia vibaya. Akairudia.

Tamiko, hiyo ni ibara inayotufuta mimi na wewe. Shamba la magimbi la marehemu mama yako lingekuwa la anayelilima, na anayelilima ni Machuo. Sisemi aliiandika kwa tamaa. Kuna jamaa yetu aliyeko Guam aliyempangisha mgeni ufuko mzima kwa simu, bila kumuuliza mtu, na watu bado wana uchungu. Lakini nilihisi kama nimepigwa kofi na mtoto niliyemfundisha kusoma.

Nikainua mkono. Mzee Nairo, aliyekuwa mwenyekiti, akanitazama kwa huruma ya kejeli.

"Sichiro, bwana wa Kolonia," akasema, "tumekukaribisha kula. Kusema hatujakukaribisha."

"Rasimu haijapitishwa, Nairo."

"Basi tunafanya mazoezi."

Watu wakacheka. Nikaketi.

Hapo ndipo nilipoona shida ilivyokuwa kubwa. Dada yako Fermina alikuwa nyuma kwenye mikeka ya wanawake, na nilijua anaipinga ibara ile, kwa kuwa alisomea sheria na tangu asubuhi alikuwa amenuna. Lakini kaka yake Machuo yumo ndani, ameketi sakafuni. Kwa desturi yetu dada hawezi kusimama akawa juu ya kichwa cha kaka yake, sembuse kumbishia hadharani. Neno lake hupelekwa na mjomba, yaani mimi, na mimi nimeshafungwa mdomo. Baada yangu, mwanamume anayeusemea ukoo ni Machuo. Yaani wa kumsemea ni yuleyule anayetaka kumpinga.

Fermina akaja mbele kwa magoti, polepole, akisema "tirow, tirow" ya kuomba radhi, mpaka katikati ya nyumba. Mama yake, Kiomy, akafunika uso kwa kanga ya begani.

"Nina neno," akasema akiwa ameinama, "na sina wa kunisemea."

Wote tulimtazama Machuo. Nilitegemea amkemee, na kwa desturi angekuwa na haki. Akaikunja rasimu, akaiweka mkekani, akasimama bila kumtazama dada yake.

"Maji yanapanda," akamwambia Nairo. "Naenda kuangalia mashua."

"Sasa hivi, meya? Katikati ya kikao?"

"Mashua haingoji kikao, mzee."

Akatoka. Fermina akasikiliza nyayo zake kwenye kokoto mpaka zikapotea, kisha akasimama wima. Sikujua kwamba mtoto yule ni mrefu kiasi kile.

Alisema kwamba tunalikimbia jimbo kwa sababu watu walio mbali wanatuamulia bila kutusikia, na sheria yetu ya kwanza inawaamulia walio mbali bila kuwasikia. Kama ni kosa kule, hapa halitakuwa halali. Aliyepangisha ufuko ashitakiwe yeye, asiadhibiwe kila aliyepanda meli.

"Mwanangu," Nairo akamkata, "mtu aliyekaa Hawaii miaka ishirini anajua nini kuhusu magimbi?"

"Anajua kuyakosa, baba."

Nairo akaitisha kura. Kura zilipopigwa, mkono wake ulikuwa miongoni mwa mikono iliyoiondoa ibara ile. Machuo akarudi, akaambiwa, akaokota rasimu, akaisoma tena toka mwanzo bila ibara yake, kwa sauti ileile. Fermina alikuwa amesharudi kwenye mkeka wake, ameinama.

Kesho yake, tukingojea meli, nilimuuliza Machuo kwa nini alitoka.

"Mashua, Mjomba."

"Ilikuwa imefungwa vizuri. Nimeiona."

"Ndiyo, ilikuwa salama," akasema, akaanza kunipangia mizigo.

Unajua nilikuwa mkalimani katika mkutano wa katiba ya Shirikisho kule Saipan. Ibara ya nne, uhuru wa kusema, na ya tano, heshima ya mila, nilizitafsiri siku moja, na jioni nikabishana na wenzangu ipi iko juu ya mwenzake. Tangu hapo nimesoma vitabu vingi kuhusu swali hilo. Kura ya jimbo jipya itapigwa Novemba, na sasa wewe na mimi tunayo haki ya kuipiga. Sijui tena nitapiga upande gani. Najua tu kwamba haki hiyo tumeipata kwa sababu mtu alitoka nje ili dada yake asimame, na hakuna katiba niliyowahi kuisoma inayoweza kumwamuru mtu afanye hivyo.

Nisalimie mumeo na watoto, na jirani yenu mama Rufina. Kiomy anakukumbuka, Fermina pia, na Machuo ameniagiza nikuambie shamba la mama yako limepaliliwa. Mungu awalinde ninyi nyote ng'ambo hiyo, awarudishe mkiwa wazima.

Ni mimi mjomba wako, nisiyechoka kukupenda,
Sichiro