Mafuta Niliyowapa Paka

Mjukuu wangu Salma,

Barua yako imefika hapa Kibokoni na sote tu wazima. Mamako yuko jikoni akikuna nazi. Waniuliza kwa nini hamsta, yule mnyama mdogo afananaye na panya, ana ile protini inayohamisha kolesteroli ndani ya damu, na panya wa kawaida hana.

Katika usichana wangu nilisafisha maabara moja hapa kisiwani. Siku moja Daktari mwenye maabara alipasua hamsta wake, akaweka maini kwenye barafu, akaenda kuswali. Nami nikasafisha meza kama tusafishavyo nyama nyumbani: mafuta yote nikawatupia paka wa barazani.

Aliporudi akauliza, "Mafuta yako wapi, binti?"

"Paka wameshayala, Daktari."

Kazi yake ya miezi ilikuwa imeliwa. Kisha akanieleza kwamba hamsta huitengeneza protini hiyo hasa kwenye mafuta yake, na akilishwa kolesteroli nyingi huizidisha. Mafuta ya panya hayaitengenezi. Nami nilidhani mafuta ni akiba tu, hayana kazi.

Kwa nini panya alinyimwa, sijui hadi leo. Ukipata jawabu niandikie, maana la kwanza walilila paka.

Nyanya yako, Zuhura