Stadi Mbili na Ala Moja

Jumapili, 4 Mei

Leo nimeshindwa kufungua mlango. Mimi, fundi wa kufuli! Mlango wa kwenye karatasi tu, lakini bado.

Mke wangu ndiye aliyenivuta kwenye mchezo wa mdogo wake. Watu wazima wanne mezani, birika la chai, penseli, na dadu lenye pande ishirini. Kila mtu ana mhusika wake. Mimi nimepewa askari wa miraba minne. Kila mhusika ana karatasi yenye stadi mbili na ala moja. Askari wangu anajua Kutisha na Kupanda. Ala yake ni filimbi. Sikuichagua, ndiyo iliyobaki.

Tumefika kwenye ngome, mlango umefungwa, ndani kuna mateka. Nikasema nafungua. Shemeji, ambaye ndiye mwamuzi, akauliza kwa ustadi gani. Kwa huu huu wa miaka kumi na tisa! Hebu nieleze hicho kitasa kikoje. Akaeleza. Kitasa cha kijinga kabisa — msumari uliopindwa unakitosha. Nikamchorea na picha. Akasema eti hapa siyo wewe, ni askari, na askari hana ustadi wa kufuli, kwa hiyo atarusha dadu bila nyongeza yoyote. Nikarusha. Mbili.

Mke wangu ni mwizi (mhusika wake, jamani). Anao ustadi wa kufuli, na vifaa anavyo. Kwa kuwa anavyo vyote viwili, anarusha mara mbili na kuchukua namba kubwa. Kumi na nane. Mlango wazi! Mwanamke ambaye nyumbani chupa ya jamu ikikaza anaita watu. Akaniangalia kwa jicho la huruma, na hilo ndilo lililoniudhi hasa.

Wa nne ni mtunza maktaba wa chuo chetu, tunamwita Bi Kimya. Ndiye aliyezitafsiri kanuni. Alasiri nzima kafungua mdomo mara moja tu, kusema kuwa ustadi usioandikwa haupo. Kisha akamimina chai.

Sirudi tena pale.

Jumanne, 6 Mei

Vitasa sita bwenini. Ufunguo uliokatikia ndani ya mlango wa maabara — dakika nne, na mwalimu mwenyewe hakuwa amemaliza kulalamika. Hakuna aliyeniambia nirushe dadu.

Jumapili, 11 Mei

Nimerudi. Kulikuwa na keki.

Mlango mwingine tena! Nikasema basi, kama askari anajua Kutisha, anautisha mlango. Shemeji akapekua kitabu, uso mkavu kabisa, akasema mlango hauogopi. Mke wangu alicheka mpaka chai ikampalia. Nami nikacheka, sikatai.

Jumatano, 14 Mei

Kuna waraka ubaoni. Umetoka kwa afisa utumishi wa chuo, yaani shemeji huyo huyo.

Kila mtumishi atakuwa na Kadi ya Ustadi. Kadi itaonyesha stadi mbili na ala moja. Kuanzia Jumatatu, marufuku kugusa ala isiyo kwenye kadi yako. Na ambaye kadi yake hailingani na kazi yake, jina litapelekwa makao makuu Ijumaa ya wiki ijayo, saa sita mchana, apunguzwe kazini.

Nikausoma mara mbili. Stadi mbili na ala moja! Nikaenda ofisini kwake moja kwa moja. Shemeji, huu si ule mchezo wa Jumapili? Akaruka kufunga mlango, kidole mdomoni. Mkuu wa chuo kaupenda mno, kausifia mbele ya bodi, kauita mfumo wa kisasa. Shemeji anatajwatajwa kwa unaibu mkurugenzi kule makao makuu. Akanisihi nisimharibie.

Haya bwana. Nimejaza fomu yangu. Stadi: kufuli, bawaba. Ala: tupa. Nilisita kati ya tupa na bisibisi kama mtu anayeambiwa achague mtoto mmoja wa kubaki naye. Mpishi wa bwalo ndiye wa kuhurumiwa. Achague kisu au sufuria? Kachagua sufuria. Kuanzia Jumatatu vitunguu vitaingia vizima.

Jumatatu, 19 Mei

Mungu wangu.

Kadi imefika. Picha yangu, jina langu, saini, muhuri. Cheo: Fundi wa kufuli. Stadi: Kutisha, Kupanda. Ala: Filimbi.

Nilidhani ni utani. Nikamtafuta shemeji kwa utani huo huo, nikacheka mlangoni kwake. Akaitazama kadi. Rangi ikamtoka. Karatasi zangu mbili — ya mchezo na ya kazi — zilikuwa kwenye jalada moja, vichwa vile vile, jina langu juu ya zote mbili. Kanakili ile ya askari.

Nikasema si neno, futa uandike upya. Haifutiki! Kadi iliyopigwa muhuri inabadilishwa na Kamati ya Ustadi tu, na Mkuu ndiye mwenyekiti. Mkuu atauliza hii filimbi imetoka wapi. Atauliza mchezo gani. Atataka kuuona. Nitakwisha, shemeji, ndivyo alivyoniambia, mikono kichwani.

Na mimi je? Ijumaa saa sita jina langu linakwenda makao makuu, maana fundi wa kufuli mwenye filimbi hana kazi hapa. Nina miaka arobaini na saba. Nani ataniajiri? Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa kwa sauti siwezi kusema.

Nimesahau: kule kwenye mchezo, askari wangu sasa ana kufuli, bawaba na tupa. Yeye kapanda cheo.

Mezani nimemwambia mke wangu. Kasema huyo ni mdogo wake, mama yao alimkabidhi yeye. Nikamuuliza, na mimi nimekabidhiwa kwa nani? Kaongeza mchuzi kwenye sahani yangu ambao sikuuomba.

Jumanne, 20 Mei

Nimekabidhi sanduku la vifaa stoo. Nimetia saini. Mtunza stoo, mtu wa kanuni kuliko kanuni zenyewe, akanipa ala yangu mpya. Kwanza akauliza, filimbi ya refa au ya bendi? Kadi haisemi. Akanipa zote mbili, nikatia saini mara mbili.

Saa tano mhadhiri wa hesabu akajifungia nje ya ofisi yake. Nikaitwa. Nikasimama pale na filimbi zangu, watu wananitazama. Nifanye nini? Kupanda ninaruhusiwa! Nikazunguka nje, nikakwea bomba, nikaingia dirishani, nikamfungulia kwa ndani. Kihalali kabisa. Suruali imechanika toka huku mpaka huku. Mhadhiri alinishukuru bila kuniangalia.

Kwenye bwalo, supu ya vitunguu vizima.

Jumatano, 21 Mei

Shemeji kaja nyumbani na suluhisho lake, kalibeba kwa mikono miwili kama keki. Kamati itakaa Ijumaa asubuhi kwa dharura. Nitapimwa filimbi. Nikifaulu, nahamishiwa bendi ya chuo, kadi inalingana na kazi, jina halitoki. Wote tumepona! Nijikaze kisabuni tu.

Nikamwambia mimi ni fundi. Akasema fundi ni cheo, kadi ndiyo ustadi. Alisema hivyo kwa upole kabisa, na ndipo nilipoona kwamba anaamini. Nilifura. Nilimwambia maneno ambayo mke wangu amenikataza kuyarudia, hata humu.

Alipoondoka nikaipuliza ile ya bendi. Ilitoa sauti ya birika. Mke wangu akacheka, akacheka, halafu nikaona machozi yake si ya kicheko. Kasema nisiende nikajidhalilishe. Kasema pia nisimponze mdogo wake. Yote mawili kwa pumzi moja, na yote alikuwa anayataka kweli.

Alhamisi, 22 Mei

Mazoezi. Noti tatu. Jirani kauliza kama tunahitaji msaada.

Ijumaa, 23 Mei, saa tano na robo

Nipo kwenye korido, nje ya chumba cha Kamati. Daftari ninalo mfukoni siku zote, na mahali pa kuandikia ni goti langu.

Niliambiwa nisubiri kuitwa. Saa nne na nusu mlango ukafungwa, kitasa kikalia krak — sauti ile naijua hata usingizini. Ulimi wa kitasa umekwama. Mwezi wa tatu niliandika barua kwamba kitasa hiki kimechoka, kibadilishwe. Nilijibiwa kuwa imepokelewa. Sasa wamo ndani Mkuu wa chuo, shemeji, Bi Kimya ambaye ni katibu, na madirisha yana nondo. Hata Kupanda hakunisaidii. Gari la makao makuu linaondoka saa sita na orodha ya majina, na orodha nayo imo humo ndani.

Mkuu kaanza kwa kupiga kelele. Fundi wa kufuli yuko wapi? Nikamsikia shemeji akijibu kuwa kwa sasa hatuna. Na aliyeko nje ni nani? Mpiga filimbi, mheshimiwa.

Nilitaka nione watafanyaje.

Mtunza stoo kaja mbio na sanduku langu. Kalikumbatia kifuani, halitoi. Bila kibali haliguswi, kasema, hata kama ndani kuna maiti. Basi ikasukumwa fomu chini ya mlango. Kibali cha Muda cha Kutumia Ala Isiyo ya Kadi. Tayari imepigwa muhuri, nafasi ni tatu tu. Jina. Ala. Ustadi huu umeupata lini?

Shemeji kapiga magoti upande wa pili, namsikia anavyohema kwenye tundu la ufunguo. Ananong'ona. Andika wiki hii, shemeji. Andika umejifunza wiki hii. Hapo naweza kukuingiza kama mwanagenzi wa kufuli, miezi sita ya majaribio, jina linatoka kwenye orodha leo leo. Ukiandika miaka kumi na tisa Mkuu atauliza kadi ilikosewaje, na mimi ndiyo basi tena. Fikiria dada yangu.

Nilimfikiria. Mwanagenzi! Kijana wa karakana niliyemfundisha hata kushika nyundo ndiye atakayenisimamia. Lakini mwanagenzi anakula, aliyepunguzwa hali. Na kitasa chenyewe nakijua — tupa nyembamba, bisibisi ndogo, nikikawia sana dakika tatu.

Jina nimeandika. Ala nimeandika. Kwenye nafasi ya tatu nimeandika "Tangu", mkono umegoma hapo. Mtunza stoo ananyoosha shingo asome.

Ndani Mkuu anauliza mbona fomu haijarudi. Anauliza, tena kwa sauti ya kusikika korido nzima, kwani huyo mpiga filimbi wenu hajui kuandika? Kuna mtu anajua chochote kuhusu huyo mtu?

Pumzi kwenye tundu la ufunguo imekatika. Namsubiri shemeji amjibu, ndipo nimalizie hiyo "Tangu".