Zuhura wa Somo la Tisa

Dada Saumu,

Arobaini yako tumeisoma Alhamisi. Watu walijaa, na ubwabwa ulitosha. Nimesubiri ipite ndipo nikuandikie, maana nililonalo si la kusemwa matangani.

Kitabu chetu cha wageni wanaojifunza Kiswahili kimetoka kwa mchapaji. Masomo ya mwisho, uliyoyamaliza peke yako ukiwa kitandani, sikuwahi kuyaona. Ulisema, "Mwajuma, pumzika, haya niachie." Nikakuachia.

Jumatatu nilifundisha Somo la Tisa. Mama mmoja wa Kijerumani alisoma maneno ya Zuhura, mhusika wa somo hilo, polepole, moja moja: "Niliondoka na kanga mbili na redio. Nilimwambia dereva anishushe Lugoba, wala sikujua naenda kwa nani." Mkono wangu ulibaki ubaoni. Mama Tausi, mfagiaji wetu, alichungulia dirishani. "Mwalimu, mbona huyu Zuhura kama wewe?" Wanafunzi walicheka, wakidhani ni utani. Nikacheka nao.

Nyumbani nilifungua shajara yangu. Nikaitafuta siku ile tulipokwenda Kiwangwa kurekodi wauza mananasi wakipatana bei, kwa kuwa hukutaka mazungumzo ya kutunga. Gari lilichelewa, tukakaa juu ya magunia, nikakusimulia ndoa yangu ilivyovunjika. Hata hili niliandika: "Dada amezima rekoda." Kumbe kichwani hukuzima. Kanga, redio, Lugoba, vyote umeviweka kitabuni.

Hayo ningeyameza. Lakini nyuma ya kitabu, kwenye majibu ya mwalimu, kuna swali la nne. Kwa nini Zuhura aliondoka kwa mume wake? Jibu: Kwa sababu alikuwa hazai.

Dada, nani alikuambia hivyo? Mimi nilikuambia kwamba mume wangu alichoma cheti changu cha kidato cha nne kwenye jiko la mkaa, nimesimama palepale, ili nisiombe kazi. Wewe tu ndiye niliyekuambia. La kutozaa ni maneno ya mawifi zangu, na wewe uliwajua.

Nimejiambia labda ulitaka kunificha. Lakini anayetaka kumficha mtu huondoa kwanza redio na Lugoba. Au hukuniamini? Miaka yote tuliyokula sahani moja, ulikuwa ukiniangalia hivyo? Nakuuliza wewe, na wewe ndiye huwezi kujibu.

Kundi jipya linaingia baada ya Idi, na kitabu kitachapwa tena. Nimefungua kompyuta yako. Jibu la nne nimelifuta. Nimeandika cheti, nimeandika na mkaa.

Siku ya maziko, kabla hujatolewa ndani, kaka yako alisimama mlangoni akaomba kwamba yeyote uliyemkosea akusamehe. Sauti yangu ilikuwa ya kwanza kuitikia. Sirudishi neno langu. Lakini nilisamehe niliyoyajua: ulimi wako mkali, na ile tabia yako ya kunisahihisha mbele ya wanafunzi. Hili halikuwamo.

Dua nitakuombea kila Ijumaa, sitaacha. Na msamaha wa hili, siku nitakapokuwa nao, nitakuletea mwenyewe makaburini na kuusema kwa sauti.

Lala salama, dada yangu. Usiningoje hivi karibuni.

Mwajuma