Nta ya Baba Nyuma ya Televisheni

Rumonge, 14 Juni 2024. Asubuhi mawingu, ziwa limetulia.

Mdogo wangu Fabiano, amahoro.

Kisanduku ulichotuma kutoka Kanada kimefika, asante sana. Kinaibadilisha ile video ya marehemu Mama akiimba kwaya, ili televisheni ya zamani ya Baba iweze kuionyesha. Lakini kwa siku tatu picha ilipanda tu bila kutulia, miguu ya Mama juu ya kichwa chake, na macho ya Baba yanafifia kila wiki. Nilibadilisha waya. Nikasogeza swichi ya kisanduku. Bado.

Kikabaki kile kifungo cha nyuma cha kutuliza picha, ambacho Baba alikiziba kwa nta tangu tukiwa Kigoma. Leo nikamwomba ruhusa.

“Niliziba sababu ya Fabiano,” alisema. “Alikuwa anakizungusha kila siku, mutundu yule!”

Akaikwangua nta mwenyewe kwa ukucha. Nikakizungusha kifungo polepole, picha ikatulia, Mama akasimama wima kwenye kioo.

Baba akavua kofia.

“Amahoro, Beatrisi. Sasa nakuona.”

Ameitazama mara nne. Asante, mdogo wangu, murakoze cane.

Dada yako,
Joanita

Saa tatu usiku. Nazima taa, nalala.