Keki ya Namba Nne

Kwako Kaka,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana nakujua, ukisoma umesimama unaruka mistari. Mimi ni mzima. Kikohozi cha mwezi uliopita kimeniacha, na meno ninayo yote, jambo ambalo kwa kazi yangu ni la kushukuru. Nina hamu ya kujua mgongo wa Mama unaendeleaje, na wifi hajambo, na binti yako, Bi Maswali wenu, amefikia swali la ngapi, na wewe mwenyewe unaendeleaje na hayo mafriji ya watu unayotengeneza.

Kabla sijaenda mbali nina ombi. Barua zangu zote hupokewa na wifi, akamsomea Mama barazani mara mbili, kisha zikaingia kwenye kopo la biskuti. Hii isome wewe kwanza, peke yako. Baada ya wiki tatu Mama anapanda basi kuja kunitembelea, tena ana sweta mbili alizofuma za kuleta, na kuna jambo lazima ulijue kabla hajapanda. Nitalifikia. Nivumilie nizunguke kidogo. Hata wewe ulipoiua redio ya Baba ulianza kwa kueleza habari za hali ya hewa.

Kwanza nijibu swali lako. Umeandika kwamba binti yako anautaka ule mchezo wetu wa kompyuta, Mtaa Wetu, na kwamba umeshangaa kuambiwa dukani siku hizi ziko namba moja hadi nne, nawe hujui umchukulie ipi. Umemuuliza anayejua. Nimezicheza zote nne, na zote ninazo hapa kwenye rafu. Mchezo wenyewe haujabadilika sana: hakuna kupiga mtu risasi wala kushindana. Unajenga nyumba, unaweka watu, unawasimamia waamke, wale, waoge, waende kazini, wapatane na majirani. Mama alikuwa akisema hajapata kuona watoto wanaokataa kufagia nyumba yao ili wakafagie ya kwenye kioo.

Namba moja unaijua kuliko mimi, maana zamu ulizipanga wewe, Hakimu, jicho kwenye saa ya ukutani, na mimi kidole juu ya kipanya nikihesabu sekunde. Ndiyo nikaitwa Kidole mpaka leo. Kompyuta ilikuwa ile Mjomba aliyoipata ofisini kwao walipoletewa mpya. Watu wa namba moja hawana sura za maana na hawazeeki. Ukimweka mtoto, atakwenda shule maisha yake yote. Unakumbuka nyumba yangu ya kwanza nilisahau kuweka mlango? Nilijenga kuta, nikapaka rangi ya waridi, nikamweka mwanamke ndani, akabaki anazunguka tu huku wewe umejishika mbavu. Mtu wa namba moja akikaa muda mrefu bila kuongea na mwenzake, kipimo chake cha upweke kinashuka, naye huenda dirishani akawapungia mkono wapita njia. Nao humpungia. Kipimo kinapanda, maisha yanaendelea. Ulinicheka wiki nzima, lakini yule mwanamke wangu asiye na mlango alikuwa na dirisha, na hakupungukiwa na kitu.

Namba mbili iliingia nyumbani ulipokuwa unakaribia kwenda chuo. Humo watu wanazeeka, na kila mmoja ana daftari lake la kumbukumbu. Ukimsahau siku yake ya kuzaliwa anaandika. Ukimgombanisha na nduguye anaandika, na miaka ikipita bado utamkuta analifungua kwenye ukurasa uleule. Mtu wa namba mbili akikosa wa kuongea naye siku tatu, huandaa meza ya watu wawili, sahani mbili, glasi mbili, akakaa na kukipigia soga kiti kilicho mbele yake. Sisi tuliona ni kichekesho cha mwaka. Tulimfungia makusudi yule mzee wa masharubu ili tumwone akikitania kiti, hata tukamwita Baba aje ajionee. Baba hakucheka. Alisimama nyuma yetu kidogo, kisha akasema tumfungulie. Nilidhani hajauelewa mchezo.

Namba tatu niliinunua mwenyewe nilipohamia mji huu, katika chumba changu cha kwanza, kabla hata sijapata pazia. Waliotengeneza namba tatu walitaka mtaa uende wenyewe. Ukiiacha nyumba moja ukashughulika na nyingine, ile uliyoiacha haikungoji: watoto wanakua, mume anabadilisha kazi, mtu anakufa na kuzikwa, nawe ukirudi unakuta familia usiyoijua imeketi kwenye makochi uliyoyachagua wewe. Wachezaji wengi walikasirika. Mimi sikukasirika, kwa sababu mwaka uleule nilikuja nyumbani kumzika Baba, nikaamka asubuhi kwenda jikoni kunywa maji, nikajikuta stoo katikati ya magunia. Mlikuwa mmelihamisha jiko, na hakuna aliyekumbuka kuniambia. Binti yako nilimwacha anatambaa, na sasa anataka mchezo wa kompyuta. Sikulaumu, Kaka. Nakueleza tu namba tatu ilivyo.

Namba nne ndiyo wanayoisifu wote. Ni nzuri kwa macho, hilo siwezi kulipinga: unywele mmoja mmoja unaonekana, chai inafuka moshi. Ukimweka mtu kwenye nyumba mpya, siku hiyohiyo majirani wanagonga mlango wamebeba keki. Wanaingia, wanakaa, wanauliza umetoka wapi. Na majirani wa namba nne hawaendi popote. Ukizima kompyuta mwaka mzima, utakapoiwasha utamkuta jirani amesimama palepale kizingitini na sahani yake mkononi, anatabasamu. Ila kuna kitu wamekitoa. Kipimo cha upweke hakimo. Walisema wachezaji wamelalamika kwamba kinawaharibia starehe. Kwa hiyo mtu wa namba nne anaweza kuishi peke yake tangu ujana mpaka uzee, akapika, akala, akapiga mluzi, akalala, na hakuna kinachoshuka. Nimemjaribu mmoja. Alikaa miaka arobaini bila kuongea na mtu, akafa akitabasamu, tena akapewa nyota kwa maisha bora.

Basi usimnunulie hiyo. Mnunulie namba mbili, na kama kompyuta yenu haitaki, moja. Mtoto aone kwamba mtu akiachwa peke yake kuna kitu kinashuka. Namba nne akiitaka ataipata akishakuwa mkubwa.

Sasa jambo lenyewe.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, natengeneza meno bandia. Kila asubuhi kinaletwa kikapu cha mifuko, na ndani ya kila mfuko kuna kalibu ya plasta ya kinywa cha mtu, na namba. Hakuna jina. Mimi napanga meno kwenye nta, moja moja, napeleka kwenye oveni, nasaga, nang'arisha, narudisha kwenye mfuko. Mkuu wangu ni mtu mwema lakini amevaa vizibo vya masikio kwa ajili ya mashine, na nadhani amezoea, maana hata tukila chakula cha mchana havivui. Nawajua watu wa mji huu kwa fizi zao. Nikiwa njiani mtu akicheka huwa namtazama mdomoni kama ni kazi yangu, mpaka siku moja bibi mmoja akaufunika kwa mkono na kuvuka barabara. Nikifika kwangu napanda ngazi ghorofa ya tatu, nafungua, nafunga. Chumba kimoja, jiko dogo, dirisha linalotazama ukuta wa jengo jingine. Nikikohoa huwa nashtuka kuisikia sauti yangu.

Wiki ya kwanza nilipohamia chumba hiki, miaka mitatu iliyopita, Mama aliniandikia akitaka kujua nimepata majirani wa namna gani. Niliketi na kalamu, kompyuta inawaka pembeni. Nikamwandikia kwamba fundi cherehani wa mlango wa pili alikuja kunikaribisha na keki. Keki ile ililetwa kweli, Kaka, ila haikuletwa kwangu. Ililetwa kwa mtu niliyemweka kwenye namba nne.

Yaani fundi cherehani hayupo. Mzee Bomba aliyenitengenezea mfereji akakataa hata soda, hayupo. Yule mwalimu wa muziki ambaye Mama ameuliza mara tatu ana nia gani na mimi, hana nia yoyote, pua yake niliichagua kwenye orodha ya pua. Miaka mitatu nimekuwa nikicheza jioni na kuwaandikia mliyoyasikia barazani. Ndiyo sababu kamera ya simu yangu haijawahi kupona, na ndiyo sababu nimekuwa nikisema barua inapendeza kuliko simu. Sikuwa na nia ya kuwadanganya. Niliona nikiandika ukweli mara moja tu Mama hatalala, nikaandika kingine, halafu kile kingine kikataka mwendelezo.

Nusura nijifunge mwenyewe. Mimba ya namba nne ni siku tatu. Nikaandika harusi ya fundi cherehani katika barua moja, na katika barua iliyofuata, wiki sita baadaye, nikatangaza mapacha. Nikasahau kwamba Mama anajua kuhesabu. Alinijibu nimwambie yule binti kwamba yeye hamhukumu, mambo haya hutokea, muhimu watoto wawe na joto. Nilicheka mpaka nikalia. Kisha ikaja habari kwamba ananunua nyuzi, kisha kwamba sweta ya kwanza imefika mikono, na sasa ziko mbili, ya manjano na ya kijani, na anakuja kuwavalisha mwenyewe kwa mgongo ule.

Nilishaandika barua ya kusema fundi cherehani na mumewe wamehama mji. Ilikuwa barua nzuri, hata mimi ilinitoa machozi. Ndipo nikaona nimekaa kitandani nalilia watu ambao nikiwasha kompyuta nitawakuta wamesimama mlangoni. Nikaichana.

Jumamosi iliyopita nilioka keki. Iliinama upande mmoja, lakini ilikuwa keki. Nikaiweka kwenye sahani yangu nzuri, ile ya maua aliyonipa wifi, nikaenda kugonga mlango wa pili, mlango wenyewe, ule wa mbao. Alifungua mwanamke wa makamo, sare ya kazi mwilini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Akaniuliza kama maji yamekatika. Nikamwambia hapana, mimi ni jirani yake, nakaa mlango huo hapo. Akautazama mlango wangu, akanitazama mimi, akasema miaka yote hii alidhani humo hakai mtu, alidhani ni stoo ya mwenye nyumba.

Hakusema kwa ubaya. Aliomba radhi, akaipokea sahani kwa mkono wenye kiatu, akasema amechelewa zamu. Jina hakunitajia, nami nilishindwa kuuliza. Nikarudi kwangu nikakaa. Tangu hapo nikipita najitahidi kukanyaga kwa kishindo, mtu asikie humu mna mtu. Sahani haijarudi bado. Nasikiliza ngazi.

Nilipoanza barua hii nilitaka nikuombe unitafutie neno la kumwambia Mama, au umzuie safari kwa hila fulani ya mgongo. Sasa nimefika hapa na sitaki tena. Nikimngoja stendi nimwambie uso kwa uso najijua, nitamwonyesha mlango wa jirani na kusema wametoka kidogo. Kwa hiyo ukimaliza kusoma mpe wifi, amsomee Mama barua yote, asiruke mahali, hata pale pa pua. Akikasirika aje na hasira zake. Ila aje, Kaka. Na sweta azilete, nitazitundika mahali nizione. Mwambie chumba ni kidogo, tutabanana kitanda kimoja, na asubuhi akiamka kabla yangu apige kelele atakavyo.

Nisalimie wifi, mwambie sahani yake iko kwa jirani. Msalimie Bi Maswali, mwambie shangazi yake amemchagulia namba mbili, na asimfungie mtu yeyote ndani. Wasalimie wote wanaokuja kukaa barazani kusikiliza. Najua kila barua yangu huishia na salamu za watu wa huku, kwamba fundi cherehani anawasalimu, Mzee Bomba anawasalimu, mwalimu anawasalimu, na Mama huitikia mmoja mmoja kwa sauti. Leo asingoje orodha. Huku anayewasalimu ni mtu mmoja tu, ndiye mimi,

Mdogo wako,
Kidole