Mchezo wa Mlango

Kwako mdogo wangu,

Naanza kwa kukuuliza hali, wewe na shemeji yangu, na hilo goti lako bovu, kama bado linajua mvua kuliko redio. Mimi nipo. Meno yamebaki manane, na hayaelewani. Mwandiko uuvumilie, mimi na shule tuliachana darasa la nne, na shule ndiyo iliyotaka.

Umeniuliza mbona nilisema nakaa kwa mwanangu wiki mbili kisha nije kwako, na sasa huu ni mwezi wa tano. Jibu ni mjukuu wangu. Ana miaka miwili na nusu, tunamwita Bosi, maana ndiye anayeamua nyumba hii icheke au inune. Bosi hali. Mama yake, mkwe wangu, anashinda karakana akishona sare. Akirudi hata viatu havui, anaponda viazi, anachanganya yai, anapuliza. Mtoto anabana midomo kama bahasha. Ameimbiwa, ameahidiwa, ametishiwa polisi. Siku moja kijiko kilifanywa basi, baba yake akawa konda wa kuita abiria. Basi likapinduka kwenye nywele za mama.

Mama akichoka akaenda kufua, mimi nachukua sahani ileile, viazi vimeshapoa, na Bosi anakula vijiko sita, saba, anacheka. Mwanangu akawatangazia majirani kwamba mkono wa baba una dawa. Safari yangu ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mwishowe hakuna aliyeitaja. Nami nikawa natembea humu ndani kifua mbele kama mganga mkuu.

Lakini mkwe wangu alianza kukonda kuliko mtoto. Jioni moja alikaa kwenye sakafu ya jikoni akaniuliza, baba, hivi mimi namkosea nini huyu mtoto. Alisema labda analipizwa kwa kumwachisha ziwa mapema ili arudi kazini. Nilimwambia awe na subira. Niliitamka vizuri hiyo subira, kama mtu mwenye akili.

Wiki iliyopita muuguzi alimpima Bosi, akasema uzito umeshuka mara ya pili mfululizo. Kesho yake mkwe wangu akaacha kazi. Alirudi na mkasi wake na ile futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akasema atashinda nyumbani mpaka mtoto amzoee.

Sasa soma polepole, na ukimaliza unitukane, nimekuruhusu. Yule mtoto hana jeuri. Mimi ndiye niliyemfundisha. Kila siku kabla mama hajarudi nilimshindilia biskuti zilizochovywa kwenye chai ya sukari, ili amkute kashiba. Tena tulikuwa na mchezo wetu: mdomo ni mlango. Mama akibisha, funga; babu akibisha, fungua. Akifunga vizuri nilimkonyeza nyuma ya mgongo wa mama yake. Nilitaka kubaki. Si kwamba kwako kubaya. Ila tangu mke wangu afariki hakuna mtu aliyenihitaji kwa lolote, na hapa nilihitajika, japo kwa kijiko.

Biskuti nimeacha, mama yupo siku nzima. Mchezo ndio umekataa kuacha. Juzi nilimwambia Bosi amfungulie mama. Akadhani ni sehemu ya utani, akacheka, akabana midomo zaidi. Mama yake alikuwa ameshika kijiko. Alikiweka chini taratibu, akaondoka.

Jana mwanangu aliniambia ameagiza kitanda kikubwa kwa seremala, Bosi awe analala na mimi. Wazo ni la mkwe wangu. Alisema huenda mtoto ni wangu kuliko wake. Alisema bila chuki yoyote, huku akikunja vinguo vya Bosi kimoja kimoja na kuvileta chumbani kwangu.

Kitanda kinaletwa Jumamosi. Wewe njoo Ijumaa asubuhi. Usiseme umekuja kusalimia, sema umekuja kunichukua, maana Alhamisi nitakuwa nimeshamweleza mkwe wangu yote, na sitaki nimwongezee na kazi ya kunifukuza.

Nisalimie shemeji na watoto wote, pamoja na yule asiyenipenda. Huyo ana macho.

Ni mimi kaka yako,
Fundi Viatu