Ruhusa ya Mmoja

Eldoret,
Jumapili jioni.

Kwako Shamsa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi yetu. Mama yako anaendeleaje na kile kifua? Sisi tuko salama, ila Mama anasema tangu mfukuzwe nchini nimekuwa mtu wa kuongea na kuku. Simu yenu haishiki, kwa hivyo Ahmed wa malori ameahidi kuifikisha barua hii kwa mjomba wako.

Mtaani bado wanalizungumzia swali la yule afisa. Alikuuliza kwenu ni wapi, ukasema Kismayu, kule ng'ambo ya mpaka, na ulikuwa hujawahi hata kuiona. Angeniuliza mimi ningesema Murang'a, nilikoenda mara moja tu kwa mazishi. Si ndivyo tulivyofunzwa, kwenu ni kwa babu? Nani alijua jibu hilo litakupandisha ndege.

Wakili Nanzala alipotafuta shahidi, nilijitolea. Ndiyo, mimi muoga wa kuongea, ambaye hata chapati ulikuwa unaniagizia. Yeye alikuwa na kitambulisho cha marehemu baba yako, raia wa hapa. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema tumekaa dawati moja tangu nasari. Kule mahakamani Kiingereza chote kikanitoroka, na Kiswahili kikatoka kidogo kidogo. Jaji akasema hanisikii, niongeze sauti kama mtu anayemwita mwenzake. Mimi nikaita kweli: "Shamsa!" Watu wakacheka. Halafu wakaona nalia.

Jaji ameamua kwamba raia hafukuzwi nchini mwake. Unaweza kurudi hata kesho. Lakini mama yako bado. Wakili anasema sheria ya kimataifa inakataza kumrudisha mtu penye hatari, ila ombi la mama yako halijasikizwa na hajui litasikizwa lini. Ruhusa iliyotoka ni yako peke yako.

Wakili alinionya nisikushawishi, uamuzi ni wako. Nilikubali. Lakini Shamsa, kila nikisali naomba uje, hata kama yeye atabaki huko na kifua chake, bila mtu wa kumchemshia maji. Mama aliyenilisha anjera kama mtoto wake. Nimekukosa mpaka nimekuwa mtu wa kuomba hivyo, na naona haya.

Ukibaki naye nitaelewa. Si leo, lakini nitaelewa.

Msalimie sana. Najua utamsomea barua hii. Hapo pa maombi, paruke.

Ni mimi wako,
Wanja